Mikono Mbele ya Tanuri

Msusi alijifunza lugha ya ishara kwa sababu ya umbea, na mwenyewe hafichi. Kaka yake, fundi bomba, alipooa mwanamke kiziwi na kumleta nyumbani kwa wazazi, Msusi alikuwa bado msichana wa shule. Kila jioni mezani aliwaona wale maharusi wakiongea kwa mikono, wakimtupia jicho, kisha wakicheka hadi mabega yanatikisika. Akajua wanamsema. Akaapa kwamba hawezi kufanywa mjinga ndani ya nyumba ya mama yake mwenyewe. Alianza na herufi, akaingia kwenye maneno, na siku alipoanza kushika mazungumzo yao akakuta hawamsemi hata kidogo. Walikuwa wanabishania zamu ya kuosha vyombo. Lakini hapo alikuwa ameshanogewa. Alikuwa amepata rafiki, na zaidi ya hapo amepata lugha ya kumsengenyea mtu mbele ya macho yake bila kushtakiwa.

Viziwi hawaitani kwa majina ya kwenye vyeti. Kila mmoja hupewa jina la ishara na wenzake, na jina la wifi yake lilikuwa kukunja kwa vidole viwili ukingo wa kitambaa kisichokuwepo, kama fundi cherehani anayepinda nguo. Kwa mdomo Msusi aliligeuza likawa Pindo, na mtaa mzima ukalidaka. Ushonaji ndio uliokuwa kazi yake. Masikio yake yaliondoka na homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule, na hakupenda kabisa mtu amwonee huruma kwa jambo hilo. Alikuwa mbishi, mcheshi, mkali wa kazi. Nguo ikitoka mikononi mwake na mshono uliopinda, ungedhani ametukanwa.

Wawili hao walikodi pamoja chumba cha biashara chenye mlango mpana wa kioo unaotazama barabarani. Mbele Msusi alisuka na kufumua nywele, nyuma Pindo alishona. Vioo vya saluni vilipangwa kwa akili ya Pindo, hivi kwamba akiwa kwenye cherehani aliweza kuona mlango, wateja na mikono ya wifi yake bila kugeuza shingo. Mteja alikaa kitini akidhani msusi wake ananyoosha vidole vilivyochoka, kumbe habari zake zote zimeshafika nyuma.

Mara moja kwa wiki Pindo alifundisha ushonaji katika shule ya viziwi aliyosoma yeye mwenyewe. Walimu wa hapo wakamwomba arekodi masomo kwa simu, ili wanafunzi wayarudie wakiwa likizo. Akaisimamisha simu juu ya marobota ya vitambaa, akakaa mbele ya mlango wa kioo, akaeleza namna ya kukata suruali. Alipoitazama video, moyo ulimfa. Mlango ulikuwa umewaka mweupe kama chokaa, na yeye mwenyewe amekuwa kivuli. Mikono, ambayo ndiyo ulimi wake, ilikuwa doa jeusi linalopapatika. Akageuka akauelekea mlango. Sasa mikono ilionekana, lakini kitambaa cheupe alichokuwa anakikata kikatoweka pamoja na alama zote za chaki. Akavuta pazia, uso ukaingia gizani. Siku nzima alihama na kiti chake kutoka kona hadi kona kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Msusi alimfariji kwamba picha si mbaya kiasi hicho, mbona anaonekana. Pindo akamkazia macho.

“Wewe picha ikiharibika bado una sauti,” alisema kwa mikono. “Mimi mkono wangu ukiungua kwenye picha, nimekatwa ulimi.”

Habari ya chuo aliileta mume wake. Alikuwa ameitwa kuziba bomba lililokuwa linavuja katika chuo kidogo cha filamu, na akiwa amelala chali ukumbini na spana mkononi aliona skrini ukutani inaonyesha mwanamke aliyesimama dirishani. Mwanamke anaonekana hadi kope, na nje ya dirisha barabara inaonekana, na mawingu juu ya barabara yanaonekana. Kando ya skrini kulikuwa na tangazo la mafunzo ya kila Jumamosi kwa watu wenye kazi zao, kupiga filamu kwa kamera za teknolojia inayoitwa HDR. Alirudi nyumbani na tope la bomba hadi kwenye nywele, akaanza kusimulia kwa mikono michafu vile vile. Pindo hakumpa nafasi ya kuoga. Alitaka aelezwe tena na tena yale mawingu.

Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwapokea vizuri, ila alikosea mlango wa kuingilia. Alimuuliza Msusi, si Pindo, kwamba filamu ni picha na sauti, sasa huyu mwenzako sauti ataifanyaje? Pindo aliyasoma hayo midomoni mwake. Akagonga meza taratibu kwa kidole mpaka yule mama akamgeukia.

“Sauti nitamwachia mwenye masikio,” alijibu, na Msusi akatafsiri. “Mimi nimekuja kutafuta mwanga.”

Mkuu wa chuo alicheka, akaomba radhi, akakubali kwa sharti moja, mkalimani asikose kipindi hata kimoja. Ndivyo Msusi, aliyeomba wateja wake wamsubiri asubuhi moja tu, alivyojikuta mwanafunzi wa filamu kwa nusu mwaka bila kupenda.

Mwalimu wao alikuwa mpiga picha wa zamani wa televisheni, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea na ubao. Akianza kueleza jambo alimpa darasa mgongo, na maneno yakaishia kwenye kuta. Msusi aliyasikia, lakini Pindo alipenda kuona uso wa anayesema, maana kwake nusu ya maneno iko usoni. Basi kila mwalimu alipogeukia ubao, Pindo alikanyaga sakafu kwa kisigino, na kwa kuwa sakafu ilikuwa ya mbao, mshindo ulimpanda mwalimu hadi magotini. Mwanzoni alishtuka kama aliyeona nyoka. Baada ya wiki chache akawa anageuka hata kabla mguu haujanyanyuka, na siku Pindo alipougua mafua na kukosa kipindi, wenzake walisema mwalimu aligeuka vile vile, tena na tena, akitafuta mguu uliko.

Kazi iliyomtoa Msusi jasho ilikuwa ya maneno. Mwalimu alieleza kwamba jicho la mtu linaweza kuona ndani ya chumba na nje ya dirisha kwa wakati mmoja, lakini kamera ya kawaida haiwezi, inachagua kimoja na kukitupa kingine, na kwamba kamera hizi mpya zinaweza kushika kivuli kizito na mwanga mkali katika picha ile ile. Msusi akainua mikono, akaishusha. Hakuwa na ishara ya jambo kama hilo, na hakumjua mtu mwenye nayo. Wakati wa mapumziko wawili hao wakakaa kwenye ngazi wakaanza kuitengeneza. Kiganja kimoja kikawekwa tumboni, ndicho kivuli kizito kuliko vyote. Kingine kikapanda juu ya kichwa, ndio mwanga mkali kuliko wote. Kwa kamera ya kawaida viganja vilikaribiana kama vya mtu anayepima unene wa godoro. Kwa kamera ya HDR vilivutwa mbali mpaka kwapa likakaza. Wenzao wa darasani waliokuwa wanapita wakaanza kuiga, na kabla ya mwezi kwisha hata mwalimu alikuwa anafundisha kwa mikono iliyotanuka kama anayejinyoosha usingizi.

Siku ya kwanza ya kurekodi, Pindo alidhani amepewa kamera mbovu. Picha ilitoka ya kijivu, imepauka, haina weusi wala weupe, kama nguo iliyofuliwa mpaka ikachoka. Mwalimu akamwambia hiyo ndiyo picha mbichi. Kamera haijaipamba kwa sababu imeshughulika kuweka kila kitu, kiza na mwanga, ili mwenyewe aje aivute rangi baadaye kwenye kompyuta. Pindo alifikiri. Kisha akainama bila kuomba ruhusa, akakunjua ncha ya suruali ya mwalimu, akamwonyesha kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono ili nguo iweze kuongezwa siku moja. Mwalimu, amesimama kwa mguu mmoja mbele ya darasa, akasema ndiyo, ni hivyo hasa, na kwamba hajawahi kupata mfano mzuri kuliko huo wala aibu kubwa kuliko hiyo, maana soksi zake hazikufanana.

Lakini mfano ule ulimponza Pindo mwenyewe. Katika zoezi la kumrekodi mtu aliyekaa dirishani, alijiaminisha kwamba kitambaa cha akiba hakina mwisho. Aliifungua lenzi mpaka uso wa mwenzake ukang'aa vizuri kwenye kioo cha kamera, na ile milia inayojitokeza kwenye skrini kuonya kwamba mwanga umezidi aliiona, akaipuuza. Walipofika kwenye kompyuta, dirisha lilikuwa jeupe. Alilishusha, likawa la kijivu. Akalishusha zaidi, likawa la kijivu kilichokolea. Mti uliokuwa nje haukurudi, barabara haikurudi. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia kwa upole kwamba kivuli unaweza kukivuta kikatoa kilichomo, lakini mwanga ukishaungua umeungua, hapo hakuna fundi.

Pindo alitia mikono mfukoni. Wengine wakikasirika hununa. Yeye akikasirika huweka mikono mfukoni, na hapo hata umwitie mtaa mzima hajibu. Alitembea hivyo hadi nyumbani, na Msusi kando yake akaongea peke yake njia nzima.

Jumatatu iliyofuata Pindo aliazima kamera ya chuo, kama wanafunzi walivyoruhusiwa kwa zamu, akaifunga kwenye miguu yake mitatu katikati ya saluni. Hapo palikuwa na kila balaa alilolitaka, mlango wa kioo wenye jua kali, nywele nyeusi, taulo nyeupe shingoni. Kila mteja akageuka zoezi. Pindo aliangalia milia. Ikitokea kwenye taulo, alizungusha pete ya lenzi kidogo, mwanga ukapungua. Milia ikatoweka, akaandika kichwani mahali pete ilipofikia. Uso wa mteja ulionekana mweusi mno kwenye kioo cha kamera, na hapo ndipo alipojifunza kuuma meno na kuuacha hivyo hivyo, akijua kwamba ndani ya weusi ule uso wote umo, unangoja. Wateja walilalamika kwamba wamekuja kusukwa, si kupimwa. Msusi aliwatuliza kwa uongo kwamba watatokea kwenye filamu, na mmoja akarudi keshoye amejipodoa.

Jambo lililokaribia kuvunja safari yote lilikuwa swichi ya taa. Chuo kilikuwa na chumba maalumu cha kusawazisha rangi, chenye skrini kubwa ya HDR, na sheria ya chumba hicho ilikuwa giza. Mwalimu alizima taa, skrini ikawaka, akaanza kueleza. Msusi alinyanyua mikono yake ndani ya kiza, na hata yeye mwenyewe hakuiona. Pindo akainuka akawasha taa. Wenzake wakaguna, maana rangi zilipotea kwenye skrini. Mwalimu akazima. Pindo akawasha tena, akasimama na mgongo wake juu ya swichi.

“Waambie,” alimwambia wifi yake. “Mkizima hiyo taa mnaniziba masikio mara ya pili.”

Msusi aliyasema kwa sauti. Mwalimu alijikuna kichwa. Akatoka, akarudi na taa ndogo ya mezani, akaifunga nyuma ya skrini imulike ukuta wa kijivu kwa mwanga hafifu. Akaeleza kwamba vyumba vingi vizuri vya kazi hii huwa na taa ya namna hiyo, inapumzisha macho bila kuharibu rangi, na wao hapo walikuwa wanaiahirisha tu kwa uvivu. Msusi akasimamishwa kando ya skrini, mahali mwanga wa ukutani ulipomgusa mikono, na tangu siku hiyo akawa anavaa blauzi nyeusi isiyo na maua ili vidole vyake visomeke. Maumivu ya kichwa waliyokuwa wanayapata wanafunzi wote katika chumba kile yalikwisha. Msusi alilalamika kwamba blauzi zake za maua zinaoza kabatini, lakini alilalamika kwa raha. Alipenda kuona jinsi Pindo, akishashika usukani wa rangi, alivyokuwa anasahau chakula, akivuta uso kutoka kwenye kiza taratibu kama anayetoa mwiba, hadi jicho linajitokeza, na tone la jasho juu ya jicho.

Ikaja filamu ya mwisho, ya kumalizia mafunzo. Wenzake walitaka ngumi, mapenzi na magari. Pindo alisema atamrekodi mwokaji.

Mwokaji alikuwa kiziwi mwenzake, wamesoma darasa moja, mwanamume mnene mwenye vichekesho visivyokwisha. Alikuwa na chumba chake cha kuoka mikate, kuta nyeusi kwa moshi, tanuri la matofali upande mmoja, mlango wa barabarani upande mwingine. Marafiki wengi walijaribu kumrekodi kwa simu akisimulia, wakaambulia moto na kivuli kinene. Ukilinganisha na moto, uso wake ulikuwa usiku. Ukilinganisha na uso, mikono yake iliyojaa unga ilikuwa mchana wa jua. Na mlangoni jua lenyewe. Wanafunzi wenzake Pindo walipokwenda kupaona walimwambia atafute mahali pengine. Mwalimu alizunguka chumba, akapepesa macho, akasema inawezekana, lakini kamera peke yake haitamaliza kazi.

Pindo alishona kwanza. Alitengeneza pazia la kitambaa chepesi cheupe la kufunika mlango wote, kupunguza ukali wa jua bila kulizima, akashona na jingine juu ya fremu ya mbao, ambalo Msusi alilishika kando ya kamera ili lirudishe mwanga laini kwenye uso wa mwokaji. Kisha akapima. Alianza na moto, akaenda kwenye unga, akaishia usoni. Akaweka lenzi kwa ajili ya unga, kwa sababu maneno yangetoka kwenye mikono yenye unga, na hayo hakutaka yaungue.

Mwokaji alianza kwa mzaha, kama kawaida yake. Mtu anayeongea kwa mikono hawezi kuongea huku ameshika koleo la mikate, kwa hiyo alisema, akaingiza mkate, akasema tena, akatoa mwingine, na kila sentensi ilisubiri mikono iwe huru. Alisimulia alivyounguza mkate wa kwanza, alivyomtongoza mke wake kwa maandazi. Msusi alicheka hadi fremu ikatikisika. Halafu, bila kuulizwa, mwokaji akaingia kwenye habari za shule. Enzi zao lugha ya ishara ilikuwa marufuku darasani. Watoto walilazimishwa kusoma midomo na kutoa sauti ambazo hawakuzisikia, na aliyeonekana akiongea kwa mikono aliambiwa aikalie. Mtoto akakaa juu ya viganja vyake, kwenye benchi la mbao, mpaka vikafa ganzi.

Pindo alikuwa darasa lile lile. Msusi hakuwahi kuambiwa habari hiyo, si na wifi yake, wala na kaka yake. Alimtazama Pindo na kuona mgongo tu, umeinamia kamera.

Ndipo upepo ukachukua pazia la mlangoni. Lilichomoka upande mmoja, jua likaingia kama lilivyo na kumwangukia mwokaji mikononi. Msusi, aliyekuwa akiona ile skrini ndogo, aliona milia imetanda kwenye viganja vyote viwili. Mwokaji hakujua lolote. Alikuwa amefika pale mtoto anaponyanyuka kwenye benchi na kutazama mikono yake, asiweze kuukunja hata mkono mmoja kumwambia rafiki yake kwamba inauma. Pindo hakunyanyua kichwa. Hakumsimamisha. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye pete ya lenzi, ukaizungusha polepole, kidogo, kidogo tena, milia ikapungua kwenye viganja, ikabaki kwenye ncha za vidole, ikaisha. Uso wa mwokaji ukazama kwenye weusi, na Pindo akauacha uzame. Mwokaji alimaliza hadithi yake, akajifuta shavu kwa bega, akashika koleo, akatoa mikate kabla haijaungua.

Kwenye skrini kubwa ya chuo, Pindo aliufuata uso ule ndani ya kiza chake kwa siku kadhaa. Ulikuwemo. Ulitoka pole pole, na machozi yake, na unga kwenye nyusi, na nyuma yake moto wa tanuri una rangi zake zote, kuanzia wekundu wa makaa hadi unjano wa ndimi. Mwalimu aliketi nyuma ya wanafunzi, akitazama. Baadaye alimwuliza Msusi ishara ya “asante” hufanywaje.

Mtahini aliyealikwa kutoka nje alikuwa mtu wa haki na mwenye jicho kali. Alisifu mwanga, alisifu rangi, kisha akasimamisha picha pale pale ambapo mwanga unabadilika. Alisema mtazamaji anaona lenzi inafungwa. Alisema kwa kazi ya kitaalamu mpiga picha angesimamisha, angefunga pazia upya, angeanza tena. Kwa nini hakufanya hivyo? Mkalimani anapotafsiri husema “mimi” kwa niaba ya mwenzake, na Msusi alikuwa ameshazoea, lakini siku hiyo ilimbidi aianze sentensi upya.

“Ni kosa, nakubali, na ningelifanya tena,” alisema Pindo. “Hayo maneno hajawahi kuyasema. Ningemnyooshea mkono asimame, ningekuwa yule mwalimu wetu wa utotoni.”

Mtahini aliandika alama zake. Kosa alilihesabu, kwa hiyo Pindo hakuwa wa kwanza darasani, akawa wa tatu. Lakini kabla ya kuondoka yule mtahini aliomba aonyeshwe filamu tena tangu mwanzo, akaitazama kwa kusimama, koti mkononi.

Shule ya viziwi nayo ikaitaka filamu. Ukumbini walikuwa na projekta ya zamani isiyojua HDR ni kitu gani, na Pindo alipoijaribu, moto wote ulikuwa umepwaya na kupauka. Msusi alimsihi aache, hakuna atakayegundua. Pindo akarudi chuoni akatengeneza toleo la pili kwa ajili ya projekta ile, akipunguza hapa na kubana pale, sehemu moja baada ya nyingine, kama anayepunguza gauni la mama limtoshe binti. Hakuridhika nalo. Alisema ni zuri kwa macho ya projekta tu.

Watoto walijaa hadi kwenye ngazi za jukwaa, na mwokaji na mke wake wakakalishwa mbele. Kwenye habari ya kukalia mikono, hakuna aliyecheka. Filamu ilipokwisha watoto waliinua mikono yote juu na kuitikisa, maana ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, na projekta ilikuwa bado inawaka, basi vivuli vya vidole vikajaa ukutani. Mwokaji alisimama, akashukuru, akamgeukia Pindo akamlaumu mbele ya umati kwamba angemtahadharisha mapema: kamera ile imeonyesha kipara chake kwa ubora usiokubalika.

Masomo ya kukata suruali yalirekodiwa upya, na chaki inaonekana. Chuo kimepokea wanafunzi wengine viziwi, na Msusi ameajiriwa hapo kama mkalimani siku za Jumamosi. Mwalimu anajua ishara nyingi sasa, nusu yake ni mbovu, anazitumia bila aibu. Pindo bado anashona, lakini siku za kazi mlangoni kwake mara nyingi utakuta kibao kimegeuzwa upande wa “Pamefungwa”. Anawatafuta viziwi wazee kidogo kidogo, kila mmoja mahali pake pa kazi, na mwanga wa mahali hapo, uwe mzuri au mbaya.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya dobi, bibi mmoja mwembamba, shangazi wa mtu wa mtaa wa pili, uani kwake kati ya kamba za mashuka meupe yanayomeremeta juani. Msusi alifumba jicho moja kwa weupe ule. Pindo alizunguka kamba zote, akasogeza shuka moja, akaacha mengine, akainama kwenye kamera, milia ikaja, ikaondoka. Bibi yule alikausha viganja vyake kwenye kanga, akavitazama, akauliza aanzie wapi.

Pindo akamjibu aanzie anapotaka, na asiwe na haraka, mchana bado mrefu.